Kushinda Nyumbani Bila Kazi: Mwongozo kwa Mtu wa Masanze

Usichague siku ya mvua. Ndiyo inayomjia kila mtu kwanza akilini: masika yamefunga njia, bodaboda hazitoki, basi nijifungie ndani nijipumzishe. Lakini mvua ya kwetu Masanze, wilayani Kilosa, ina kazi zake. Kuna maji ya kukinga, bati linalovuja na vifaranga vya kuhamisha, na anayeishi bondeni ana mto wa kwenda kuuchungulia kila baada ya nusu saa. Waliokuwa Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mkondoa ulipovunja kingo zake, ukaharibu reli na kuwaacha maelfu ya watu kwenye mahema, hawawezi tena kusikia mvua ikipiga milimani wakaendelea kunywa chai.

Siku unayoitafuta iko kiangazi, kuanzia Julai hadi Septemba. Mahindi yameshaingia ndani, mpunga umepigwa, ufuta umeuzwa kwa bei uliyoitaka au uliyoikubali, na shamba la msimu ujao bado halijaanza kukuita. Asubuhi kuna kibaridi cha kutosha kumfanya mtu mzima abaki ndani ya blanketi bila aibu. Ndani ya miezi hiyo kwepa siku ya gulio, kwepa Ijumaa kama unaswali msikitini na Jumapili kama unasali kanisani, kwa sababu siku hizo zina watu wake tayari. Jumanne ni nzuri, Jumatano pia, na watoto wako shuleni. Tarehe 8 Agosti iache kabisa. Nanenane ni sikukuu ya mkulima ambayo mkulima haipumziki: akienda kwenye maonyesho Morogoro anasimama juani siku nzima kutazama trekta asilolinunua, na akibaki nyumbani redio inamhutubia kutoka asubuhi hadi jioni.

Siku moja inatosha, kutoka kucha hadi kuchwa. Anayesema atapumzika wiki nzima ataishia kutengeneza banda la mbuzi.

Kabla ya kuandaa chochote, ujue unashindana na nini, maana uzito utakaousikia kifuani ifikapo saa nne asubuhi hukuuanzisha wewe. Wilaya hii ililelewa na mkonge. Manamba waliokuja kukata mkonge Kimamba na kwingineko walipewa kadi iliyoitwa kipande. Ukimaliza kazi uliyopangiwa, siku yako inatiwa alama, na zikitimia alama 30 ndipo unalipwa. Siku usiyokwenda shambani ilikuwa kama hukuamka. Uhuru ukaja na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi. Azimio la Arusha la Februari 1967 likasema wazi kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Mwaka 1983 ikapitishwa Sheria ya Nguvukazi, na Dar es Salaam watu walioonekana kuzurura bila shughuli wakakamatwa na kurudishwa vijijini wakalime. Mzee aliyepitia hayo, akikukuta kibarazani saa nne asubuhi mikono mitupu, anakuona mtu asiye na kipande.

Walioajiriwa wana pa kujitetea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kijana wetu aliyepata ajira kwenye kiwanda cha sukari kule Kilombero akirudi likizo, akalala hadi saa tatu, mama yake anamfunika vizuri na kuwanyamazisha wadogo zake. Kaka yake mkulima akifanya hivyo anaulizwa kama ana homa. Mkulima hana karatasi inayomruhusu kukaa. Itabidi ajiruhusu mwenyewe, na wengi hukwama hapo.

Akitokea wa kukuambia kwamba siku iliyoachwa imepotea, mkumbushe msitu. Vijiji kadhaa vya Kilosa vilivyoingia kwenye mradi wa mkaa endelevu, ulioanza 2012, viligawa sehemu ya msitu wa kijiji katika vitalu vya mita 50 kwa 50. Kitalu kikishakatwa kinaachwa miaka 24, visiki vichipue vyenyewe. Halimwi shamba humo, hazijengwi nyumba humo, na utaratibu huo unapitishwa kwenye mkutano wa kijiji wenyewe, mchana kweupe. Kama watu wazima waliweza kukubaliana kutogusa kitu kwa miaka 24, wewe hushindwi na saa kumi na mbili.

Anza na majirani

Miongozo ya namna hii ikiandikwa na watu wa mjini huanza na akili: vuta pumzi, tuliza mawazo. Sisi tuanze na hodi. Dar es Salaam mtu anaweza kujifungia siku tatu na aliyepanga chumba cha pili asijue. Hapa, ukichelewa kufungua mlango hadi saa mbili kuna atakayekuja kuchungulia, na usimwite mmbea, ana haki yake. Kati ya 1973 na 1976 serikali iliwahamishia wananchi wa vijijini kwenye vijiji vya pamoja. Watu waliozoea kuishi kwa kutawanyika, kila ukoo na kilima chake, wakajikuta kwenye nyumba zilizopangwa mstari, ukikohoa jirani anakuitikia pole. Tumezaliwa humo. Tunaangaliana, na mara nyingi kuangaliana huko ndiko kulikookoa mgonjwa usiku.

Kwa hiyo mlango uliofungwa mchana, kijijini, unasomwa kwa njia nne: kuna mgonjwa, kuna msiba, wenyewe wamesafiri, au kuna ugomvi. Ya tano husemwa kwa sauti ya chini. Mtu mzima, hana homa, hakufiwa, amejifungia peke yake na anawaza: anampangia nani? Ukitaka siku yako iwe na utulivu, usimwachie mtu nafasi ya kuchagua kati ya hizo tano.

Dawa yake ni kutoka mapema uonekane. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla watu hawajatawanyika, pita nyumba tatu au nne zinazokuzunguka. Bibi wa nyumba ya pili mwamkie ipasavyo. Mpe shikamoo, usubiri marahaba, na ujibu maswali yake yote, la mguu wako, la watoto, la mjomba aliyeko Ifakara. Kisha sema kwa sauti ya kawaida: "Bibi, leo nashinda nyumbani. Najipumzisha. Tutaonana jioni." Ishia hapo. Ukieleza kwamba unataka kukaa na mawazo yako, utaletewa shehe, mchungaji na mganga kwa mpigo mmoja.

Usidanganye kwamba unasafiri. Hasa usiseme umekwenda Ulaya, kata hii ya kwetu ya kwenda kwa bodaboda, maana kabla ya saa sita atapita mtu kutoka huko akiulizia kwako, na utakutwa umejinyoosha kwenye mkeka.

Mlango uegeshe, usiukomee. Jambo hili linaonekana dogo lakini ndilo linalobeba siku nzima. Ukikaa uani, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe au penye kivuli cha ukuta, na mlango wa mbele uko nusu wazi, anayepita anaona kwamba nyumba ina mtu na mtu ni mzima. Anaendelea na safari yake. Mlango uliokomewa unamwita.

Hodi zitakuja hata hivyo, na si zote sawa. Msiba unavunja siku, bila mjadala. Ukisikia kilio, unavaa unakwenda, na siku yako unaihamishia wiki nyingine. Mtoto mgonjwa wa jirani unavunja. Tembo au nguruwe pori wameingia kwenye mashamba, unavunja, ingawa kiangazi si wakati wao sana. Lakini kijana aliyekuja kuazima jembe mwambie lilipo, achukue. Aliyekuja kukusanya mchango mwambie kesho asubuhi utampelekea, na kweli umpelekee. Aliyekuja kupiga soga tu ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu hana shida unayoweza kuimaliza. Mpokee ukiwa umesimama. Mpe maji ya kunywa, muulize hali, na usisogeze kigoda. Ukimpa kigoda umempa saa mbili.

Kijiji kinajua sana kumwachia mtu upweke wake, pale upweke huo unapokuwa na sababu inayojulikana. Anayekaa itikafu siku kumi za mwisho wa Ramadhani hafuatwi msikitini kwa habari za deni. Mkatoliki akiwa mafungoni watu humsubiri. Mjane anakaa eda yake miezi minne na siku kumi, na wenye adabu wanajua namna ya kumwingilia. Mwali wa Kiluguru au wa Kizaramo wa zamani aliwekwa ndani miezi mingi, na kijiji kizima kiliuheshimu mlango ule, ingawa yeye hakuulizwa kama anataka, wala hakuwa peke yake hasa, kwani kungwi na mashangazi hawakumpa nafasi ya kuwaza lolote. Kwa hiyo usiwalaumu watu wa Masanze kwamba hawajui kumwacha mtu. Siku yako wewe bado hawajaizoea. Ukiirudia mwaka baada ya mwaka, msimu uleule, utasikia wenyewe wakiambiana kwamba fulani leo ana siku yake, tumwache.

Jana yake

Siku ya kutofanya kazi hufanyiwa kazi jana yake. Chota maji ya kutosha kunywa, kuoga na choo, ndoo zijae na mtungi uwe umefunikwa. Pika jioni chakula kingi kuliko kawaida. Mbaazi ziive kabisa, kwa sababu mbaazi zisizoiva zitakuweka jikoni kesho yake hadi adhuhuri. Wali wa jioni ukibaki, asubuhi ni kiporo, na kiporo kwa chai ni chakula cha mtu asiye na haraka. Chemsha mihogo au viazi vitamu vya mchana. Karanga za kukaanga ziwe kwenye bakuli. Asubuhi utawasha moto mara moja tu, uchemshe chai ya mchaichai, ujaze chupa ya chai, na baada ya hapo jiko lizimike. Ugali usiusonge siku hiyo. Ugali unataka mboga, mboga inataka kitunguu, kitunguu kinakupeleka dukani, na dukani kuna benchi lenye watu.

Mbuzi wafungiwe malisho mapema, au umwombe kijana wa jirani awahamishe mchana, na umlipe kwa kitu chochote, ndizi hata. Kuku utawafungulia asubuhi na mtama kidogo, kisha utawaachia wenyewe.

Simu ina dawa yake hapa kwetu. Ipeleke kuchajishwa dukani asubuhi unapokwenda kusalimia, ukaichukue jioni. Hakuna atakayeshangaa: simu iko chaji. Anayejua hivyo hakasiriki kama anayeona umemkatia. Kama nyumbani una umeme au sola, hata hivyo ipeleke, kwa jirani unayemwamini, na umwambie kwamba ikipigwa na mtu wa nyumbani mara tatu mfululizo akuletee. Kuzima data na kubaki nayo mfukoni nimeona kunawashinda watu wengi, kwani kila baada ya muda mkono unakwenda kuangalia ni saa ngapi, na kutoka kwenye saa unaingia kwenye kikundi cha ukoo, ambako tayari kuna mchango wa harusi.

Redio pia iache. Najua wazee watanipinga.

Siku yenyewe

Ukirudi kutoka kusalimia, kunywa chai yako taratibu, kaa. Kazi ya asubuhi imekwisha na hujui mikono uiweke wapi.

Mawazo ya kwanza yatakuwa hesabu. Usitegemee hekima saa tatu asubuhi. Yatakuja magunia yaliyoingia na yaliyotoka, deni la kikundi, sare ya mtoto anayeingia kidato cha kwanza, mbegu, fundi aliyechukua nusu ya hela na hakurudi. Yatapita mara ya kwanza, yatarudi mara ya pili, na mara ya tatu yatakuja na maneno uliyopaswa kumjibu yule mnunuzi aliyekupunja kwenye mizani. Usiyafukuze na usiyaandike. Ukichukua kalamu tayari umefungua ofisi. Yaache yazunguke uani hadi yachoke. Kwa watu wengi niliozungumza nao hesabu hulegea karibu saa tano, hasa kama mwaka haukuwa mbaya. Kama mwaka ulikuwa mbaya huchelewa zaidi, na hapo uwe na subira.

Baada ya hesabu kuna pengo, na humo uchovu wa kutofanya kitu unauma kuliko wa jembe. Utauona mpini uliolegea. Utaona ufa kwenye ukuta ambao umekuwa ukiutazama tangu mwaka juzi bila shida. Ghafla utatamani kuchambua mbegu. Kaa. Kama mikono yako haiwezi kabisa, suka ukili. Huo nauruhusu, kwa sharti kwamba hakuna mkeka ulioagizwa na mtu na huhesabu urefu. Mama zetu wamewaza mambo mazito sana wakisuka ukili, na hakuna aliyegundua. Kunoa panga sikuruhusu. Panga likishanolewa linatafuta cha kukata.

Mwenye kupenda kutembea anaweza kuzunguka ua wake. Asitoke barabarani. Barabara hii ya Kilosa kwenda Mikumi haina mtu anayetembea bila kuulizwa anakwenda wapi, na ukijibu "natembea tu" utapewa lifti.

Tazama kuku wako. Nasema hivi nikiwa sina utani, au nikiwa na utani kidogo. Watu hutoka mabara mengine, wakalipa fedha za kigeni, kwa ajili ya kukaa kimya ndani ya gari katika Hifadhi ya Mikumi wakimtazama nyati asiyefanya lolote. Hifadhi ile ilianzishwa 1964 na biashara hiyo haijawahi kukosa wateja. Wewe una jogoo, mitetea na vifaranga, na hujawahi kuwatazama kwa muda mrefu kuliko wa kuwahesabu. Utagundua nani mkubwa kwa nani. Utagundua yule mtetea unayemwita mvivu anataga wapi. Hayo hayatakusaidia popote, na ni vizuri hivyo.

Mchana kula kidogo, lala. Usingizi wa mchana si kushindwa kwa siku. Kama umetoka kwenye mavuno na mwili ukachukua saa tatu nzima, upe. Ulikuwa unaudai tangu Aprili. Ila usiianze siku kwa kulala hadi saa sita, kwa sababu utaamka jua kali, kichwa kizito, na utakuwa umepumzika bila kukutana na wewe mwenyewe hata kidogo.

Pombe iache. Komoni ina utamu wake na siku yake, lakini haijawahi kunyweka peke yake: ukianza kikombe cha kwanza uani, cha tatu utakinywea kilabuni.

Alasiri, kuanzia saa tisa, huja watu. Sisemi wa hodi. Wale uliosoma nao, aliyekwenda Dar na hakuandika, baba aliyekufa kabla hujamwambia jambo fulani, dada uliyemnunia kwa sababu ya shamba la mama. Kwa wengi wetu hii ndiyo sehemu tunayoikwepa mwaka mzima kwa kulima kwa bidii. Ushauri wangu ni mmoja: usimalize kesi siku hiyo. Usiamue kwamba kesho utakwenda kuomba radhi, na usiamue kwamba hutakwenda. Kaa na mtu huyo kama ungekaa naye kibarazani, mkitazama upande mmoja. Mengine utashangaa kwamba hayana uzito tena. Umeyabeba kwa mazoea. Mengine yatakuwa mazito kuliko ulivyofikiri, nayo ni habari njema kuijua kabla ya mvua za vuli, ukiwa bado una muda wa kwenda Kilosa mjini, au kwa huyo dada, kuyashughulikia.

Hapa lazima niseme jambo bila mzaha. Upweke wa siku moja ni wa mtu aliyechoka. Haumfai aliyefiwa juzi, wala aliyejifungua majuzi na moyo umemwelemea, wala mtu ambaye kwa wiki kadhaa halali, hali, au anajikuta akifikiria kuyakatisha maisha yake. Ukianza siku hii ukaona mawazo yanaelekea huko, siku imekwisha. Inuka, nenda kwa mtu unayemwamini, mwambie kwa maneno ya wazi, naye akusindikize zahanati au hospitali ya wilaya Kilosa. Na wewe jirani uliyeambiwa asubuhi kwamba fulani anajipumzisha, ukikumbuka kwamba amekuwa hivyo wiki ya tatu sasa, usimwache. Piga hodi, na safari hii usingoje kigoda, kaa chini.

Kwa mwanamke, na kwa aliye naye

Wanawake waliosoma mpaka hapa watakuwa wanacheka tangu mwanzo. Nani atachota hayo maji ya jana? Nani atakuwa ameamka kabla ya wote kuchemsha hiyo chai? Azimio lilelile la Arusha, lililowasema wanaume kwa kukaa likizo nusu ya maisha, lilieleza kwamba wanawake wa vijijini wakati mwingine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Miongo imepita, bomba limesogea karibu kwa wengine na mashine ya kusaga ipo, lakini pita Masanze saa kumi na moja alfajiri uone moshi unatoka kwenye majiko ya nani.

Kwa mwanamke mwenye familia, siku ya kukaa kimya nyumbani haiwezekani watu wengine wakiwa humohumo. Akiwepo mume, ataulizwa shati liko wapi. Akiwepo mtoto, atalia kwake hata baba amekaa karibu zaidi. Kwa hiyo kwake yeye kanuni inageuka: anayebaki ni yeye, wanaotoka ni wengine. Mume aondoke na watoto wadogo kwenda kwa bibi yao, au kwa shangazi, tangu asubuhi hadi jua linapozama, na huko wanakokwenda wale. Asirudi saa saba kuuliza chumvi. Kama hakuna mume, dada au shoga achukue watoto, na yeye achukue wa mwenzake wiki inayofuata. Mipango ya namna hii wanawake wa kikundi kimoja huielewa upesi, maana ni upatu uleule, ila zamu inapokelewa siku badala ya hela.

Yeye pia hahitaji nyumba iliyofagiliwa ili apumzike ndani yake. Hili mara nyingi anayelipinga ni yeye mwenyewe, si mume wala mawifi. Atasema nifagie ua kwanza, halafu nikae. Ua ukishafagiliwa vyombo vitaonekana. Majani ya mwembe yaachwe yalale hapo yalipoanguka. Jirani akisema, aseme.

Swali linalonifikia sana kutoka kwa wanaume ni la gharama: nikikaa siku nzima, nimepoteza shilingi ngapi? Mwenye duka anaweza kuhesabu. Dereva wa bodaboda anaweza kuhesabu, na kwake nasema achague siku ya katikati ya mwezi ambayo wateja ni wachache. Mkulima, kiangazi, baada ya mavuno, akiwa mkweli, hapotezi kitu. Siku hiyo angeimalizia kwenye benchi la dukani akibishana kuhusu Simba na Yanga, arudi jioni amechoka kana kwamba amelima. Benchi lile silichukii, nina nafasi yangu pale. Lakini mtu asijidanganye kwamba alikuwa kazini.

Jua likishuka, oga, vaa, toka. Uonekane kama ulivyoahidi. Chukua simu yako, na usiifungue hadi umefika nyumbani. Pita kwa bibi wa nyumba ya pili umwambie umeamka salama na umeshinda salama. Atakuuliza umefanya nini siku nzima. Mwambie hukufanya kitu. Atasema "mh", na kesho asubuhi kijiji kizima kitakuwa kimeambiwa, kwa hiyo huna haja ya kumweleza mtu mwingine yeyote.

Usiku huohuo, kabla hujalala, kaeni na mwenzako mpange siku yake. Iwe kabla ya Oktoba, maana mashamba yakianza kusafishwa hamtaipata tena. Mchague tarehe, mchague nyumba watakayokwenda watoto, na mume ajifunze jioni hiyohiyo mbaazi zinawekwa maji kiasi gani.